Bamba la Mkataba wa Kadesh

Bamba hili la udongo ni nakala ya mkataba wa amani kati ya Ramses II, farao wa Misri, na Hattusili III, mfalme wa Wahiti. Waliuweka mnamo 1259 KK, miaka kama 15 baada ya majeshi ya nchi zao kupigana Kadesh, katika Syria ya leo. Farao alijitangazia ushindi kwenye kuta za mahekalu yake, lakini Kadesh ilibaki mikononi mwa Wahiti.

Sogea karibu uone alama zilizochapwa kwa ncha ya tete udongo ukiwa mbichi. Lugha ni Kiakadi, lugha ya mabalozi wa zama hizo.

Wafalme waliahidiana kutovamiana, kusaidiana wakishambuliwa na kurudishiana wakimbizi. Hapa ndipo utu wa mkataba unapoonekana: mkimbizi akirudishwa, asing'olewe macho wala kukatwa masikio, na mkewe na watoto wake wasidhuriwe.

Mashahidi walikuwa miungu elfu ya Wahiti na miungu elfu ya Misri. Mvunja kiapo angeangamia pamoja na nyumba yake na nchi yake. Hati ya asili iliandikwa kwenye bamba la fedha, ikapigwa muhuri wa Hattusili na wa mkewe, Malkia Puduhepa. Haijapatikana hadi leo.

Nakala hii ilifukuliwa mwaka 1906 huko Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, nchini Uturuki. Mfano wake umewekwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York.