Kadi ya Almasi ya Mwadui

Gari la kale la mashindano lililoundwa Uingereza hupanda bei likiwa na kadi inayotaja wamiliki wake wote. Almasi ya rangi ya waridi ya Mwadui, Shinyanga, nayo ina historia iliyoandikwa vivyo hivyo. Ilipatikana mwaka 1947 katika mgodi wa John Williamson, ikiwa na karati 54.5, naye akamtunukia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilichongwa London, ikabaki karati 23.6, mwaka 1953 Cartier wakaipachika katikati ya bizimu yenye umbo la ua. Kila mkono umeandikwa. Usukuma, nchi iliyoizaa, imetajwa kuwa mahali tu, si mmiliki. Kadi hutuambia nani alipewa. Haiulizi nani alikuwa na haki ya kutoa.