mrusha tufe

nm wa- [a-/wa-] (riadha) Mwanariadha anayeshindana kurusha tufe kwa mkono mmoja kutokea begani. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, la wanawake, kilo 4. Wingi: warusha tufe.

Mfano: Warusha tufe wa Musoma, Bunda na Butiama wakiungana, vijana wa Mara watapata matufe na walimu wa mchezo.

Matumizi: "Chama cha warusha tufe" huwaunganisha wanariadha wenyewe, "chama cha riadha", kama vile Riadha Tanzania, husimamia riadha yote. Mfasiri wa katiba akivichanganya, atawapa wanachama mamlaka wasiyo nayo. Aidha, "bingwa" ni aliyetwaa ubingwa. Asiyeutwaa, hata akiwa wa kiwango cha juu, huitwa "mahiri".