Geji ya bati, geji ya injini

Muuza mabati akikwambia "geji 30" anazungumzia unene, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: la geji 28 ni nene kuliko la 30. Fundi magari naye ana geji yake, ile yenye mshale. Zote mbili ni halali, na sikubaliani na wanaotaka kulifuta neno geji wakidai "kipimo" kinatosha. Kipimo ni neno pana mno.

Anayefunga turbo kwenye gari ambalo halikutoka nayo kiwandani anahitaji geji hasa: ya presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini, ya presha ya oili, na ya joto la moshi. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, mhimili wake ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Taa nyekundu ya oili huwaka presha ikiwa imeshaanguka. Mshale wa geji humwonyesha dereva presha wakati bado inashuka, akapata muda wa kuzima injini. Wahariri, liacheni neno hili gazetini: geji hii, geji hizi.