Kipimo cha Tone: Asili ya Nguvu katika Injini ya Dizeli

Rudolf Diesel alipoionyesha injini yake mjini Augsburg mwezi wa Februari 1897, Profesa Moritz Schröter aliipima akakuta kwamba asilimia 26.2 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi. Mitambo ya mvuke ya siku zile haikufikia kiasi hicho. Walakini mtambo huo ulikuwa na kilema: mafuta yalisukumwa silindani kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa nzito, nayo kompresa ilikula sehemu ya nguvu ile ile iliyozaliwa. Mzigo wa namna hiyo wafaa kiwandani au melini. Gari halina mahali pa kuuweka. Diesel hakujaliwa kuiona dawa ikienea, maana Septemba 1913 alitoweka katika meli Dresden akivuka kwenda Uingereza.

Dawa ilitoka Stuttgart. Karakana za Robert Bosch zilianza kuitafuta mwishoni mwa mwaka 1922, na mwaka 1927 pampu zikatengenezwa kwa wingi. Ndani yake mna pistoni nyembamba iliyochongwa ukingo wa mshazari. Urefu wa mwendo wake haubadiliki, bali ikizungushwa kidogo tu, tone huzidi au hupungua. Pengine werevu wa ukingo ule wapita wa injini nzima.

Lakini kiasi peke yake hakitoshi. Mafuta hayawaki papo hapo yaingiapo. Hukawia kitambo kidogo mno, kwa hiyo hayana budi kutangulia kabla pistoni haijafika kileleni. Yakiwahi kupita kadiri, moto huipiga pistoni ingali yapanda, na injini hugonga. Yakichelewa, joto hutoka na moshi pasipo kufanya kazi. Na kadiri injini izungukavyo upesi, ndivyo yatakiwavyo kutangulia zaidi.

Huko Indianapolis, Marekani, gari la dizeli la Cummins lilimaliza maili 500 mwaka 1931 bila kusimama hata mara moja, likawa la 13. Mwaka 1952 Cummins walirudi na tabochaja, yaani feni izungushwayo na moshi wa injini yenyewe ili kushindilia hewa. Maana hewa ikizidi, ndipo mafuta nayo yawezapo kuzidishwa. Fred Agabashian akajipatia nafasi ya kwanza ya kuanzia, kwa mwendo wa maili 138.010 kwa saa. Siku ya mashindano yenyewe mdomo wa tabochaja ulimeza taka za mipira zilizotapakaa njiani, ukaziba. Mafuta yalikuwamo, hewa ya kuyachoma ndiyo iliyokosekana, na baada ya mizunguko 71 gari likatoka.