Baiskeli ya milimani yenye shokapu 'ya ajabu': Mambo ya kujua kabla hujanunua kwa safari ndefu

Ukiiona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani mtu kaiba nusu. Baiskeli ya milimani, lakini gurudumu la mbele limeshikwa na mguu mmoja tu wa foku, upande wa kushoto. Haijavunjika. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Siyo hiyo peke yake. Zipo zenye springi za bapa kama za chini ya lori, na zipo ambazo shokapu ya nyuma imefichwa ndani ya fremu. Swali ni moja: ukitaka kuendesha saa nyingi kwa siku, tena siku kadhaa mfululizo, uchukue ipi?

Kwa nini shokapu ni ishu kwenye safari ndefu?

Kwa mwendo wa saa moja, mwili unavumilia karibu kila kitu. Saa ya tano ndipo shida inaanza: viganja vinakufa ganzi, mgongo unakaza, mikono inachelewa kushika breki. Shokapu inapunguza mapigo hayo. Lakini inaongeza uzito mlimani, na inadai matunzo.

Chukua mfano wa Cape Epic, mashindano ya Afrika Kusini yaliyoanza 2004. Waendeshaji hushindana wawili wawili kwa siku 8. Siku ya kwanza ni fupi, zinazobaki ni ndefu. Ukiendesha saa 6 kwa siku 7, hizo ni saa 42.

Sasa linganisha. Watengenezaji wa foku za kawaida za hewa na oili huelekeza zifunguliwe, zisafishwe na kubadilishwa oili baada ya muda maalumu. Kwa nyingi ni kati ya saa 50 na 125 za kuendesha. Maana yake wiki moja tu ya namna hiyo inaweza kukaribia kumaliza muda wa sevisi.

Aina tatu unazoweza kukutana nazo

1. Mguu mmoja (Lefty ya Cannondale)
Imekuwepo kwa zaidi ya miaka 20. Ndani yake kuna beringi za sindano, hivyo inateleza vizuri hata unapokata breki kwa nguvu. Ina raha nyingine: ukipata pancha ya mbele, unaweza kubadili tyubu bila kutoa gurudumu.

Tatizo ni habu. Gurudumu linaingia kwa ubavu, kwa hiyo linahitaji habu yake maalumu. Likiharibika porini, hata mwenzako akikubali kukupa la kwake la kawaida, halitaingia.

2. Springi za bapa (Lauf ya Iceland)
Foku hii haina oili, haina hewa, haina sili. Springi zake ni za nyuzi za kioo. Toleo la milimani, Trail Racer, hubonyea milimita 60, na ni nyepesi, chini ya kilo 1. Ya barabara za changarawe, Grit, hubonyea milimita 30.

Kwa vumbi na matope, hapo ndipo inapata alama: hakuna cha kuvuja. Lakini kwa kuwa haina oili ya kutuliza mrudisho, ukigonga mawe makubwa mfululizo inarusha. Ukisimama kukanyaga pedali, utaihisi ikinesa.

3. Shokapu ndani ya fremu (Trek Supercaliber)
Ilitoka 2019 ikiwa na milimita 60 tu nyuma. Nyingi za mashindano zenye shokapu mbele na nyuma huwa na 100 hadi 120. Badala ya maungio mengi yenye beringi, sehemu ya nyuma ya fremu yenyewe hupinda kidogo. Toleo la 2023 liliongezewa hadi milimita 80.

Faida ni wepesi mlimani na maungio machache ya kulegea. Ila shokapu ni sehemu ya fremu. Ikifa, huwezi kufunga yoyote unayoikuta dukani.

Kabla hujatoa hela, jiulize

- Fundi ninayemtegemea amewahi kuifungua? Kama hajawahi, nani mwingine anaweza?
- Spea ikihitajika inapatikana mjini kwangu, au lazima niagize nje na kusubiri?
- Njia zangu zikoje? Mawe na mizizi, au vumbi na makorongo madogo?
- Nimeijaribu kwa saa moja au zaidi kwenye njia mbovu? Mzunguko mmoja nje ya duka hautoshi.

Ukinunua ya mtumba

Hapa ndipo wengi huingia mkenge. Bei inakuwa poa kwa sababu mwenye nayo amekosa spea. Ibonyeze shokapu mara kadhaa, kisha angalia kama kuna oili kwenye chuma kinachoingia na kutoka. Shika breki ya mbele na usukume: ikigonga, kuna kitu kimelegea. Kagua nyufa kwenye springi za bapa na kwenye fremu ya kaboni. Na ile ya mguu mmoja, usinunue bila gurudumu lake la mbele.

Kwa hiyo, ipi?

Kama uko mbali na gereji na njia zako ni za vumbi na changarawe, springi za bapa zina mantiki. Kama unapanda sana na una fundi anayejua kazi, ya ndani ya fremu itakufaa. Mguu mmoja ni mzuri ukiwa na uhakika wa spea.

Na kama majibu yako mengi hapo juu ni "sijui", chukua foku ya kawaida yenye miguu miwili na fremu ngumu nyuma. Haitakupa sifa mtaani, lakini ikizingua siku ya tatu ya safari, kuna uwezekano mkubwa wa kupata mtu wa kuitengeneza.