Ufungaji wa vichochoro kwa mageti

Ufungaji wa vichochoro kwa mageti ni mbinu ya kuzuia wizi, fujo na utupaji taka kwenye njia za nyuma ya nyumba za safu, ambazo ni nyingi katika miji ya Uingereza kama Liverpool. Wakazi hupewa funguo. Kisheria njia hubaki ya umma. Kinachobanwa ni matumizi yake tu. Kwa England na Wales, amri za kubana matumizi hayo hutolewa na halmashauri chini ya sheria ya 2014, kwa muda usiozidi miaka 3, na huweza kuongezwa. Mkazi wa nyumba inayopakana na njia hazuiwi, wala haifungwi njia kuu ya kufikia makazi. Anayepoteza hasa ni mpita njia, ndiyo maana halmashauri hulazimika kuwasikiliza wanaoweza kuathirika na kuangalia kama ipo njia mbadala inayofaa.