Hii 54 ni ya nani? Historia ya nambari iliyoniaibisha

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo sina simu mpya ya kuwaeleza wala programu ya kusifia. Nataka tuzungumze historia, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana chuo kimoja cha uuguzi huku kwetu kwenye majani chai, kati ya Kericho na Bomet, kiliniomba niwatengenezee wanafunzi programu ya simu ya kujifunzia huduma ya kisukari. Mimi ni mtu wa kompyuta, si wa hospitali. Nikatafuta maswali ya mazoezi kwenye intaneti, nikayatafsiri, nikayapanga. Wikendi moja tu, kazi ikaisha! Swali la 12 lilisema: mgonjwa amepimwa sukari, kipimo kinasoma 54, utafanya nini kwanza? Jibu nililoweka: mpe kitu chenye sukari haraka.

Siku ya majaribio, karibu darasa zima lilichagua "mpe insulini". Nikadhani hawajasoma. Mwalimu wao akaniita kando.

"Kijana wangu, hii 54 ni ya nani?"

Ya nani? Sikumwelewa. Nambari ni nambari... au sivyo?

Sivyo. Wamarekani hupima sukari ya damu kwa miligramu kwa desilita. Wadi zetu hutumia milimoli kwa lita. Ukitaka kutoka kwetu kwenda kwao unazidisha kwa 18. Kwa hiyo 54 yao ni 3.0 yetu: sukari imeshuka, mgonjwa anaweza kuzimia. Lakini 54 yetu ni 972 yao, sukari ya kutisha ambayo glukomita nyingi haziwezi hata kuionyesha. Zikipita 33 hivi huandika "HI" tu. Wanafunzi walisoma 54 kama wanavyosoma wadini. Wao walikuwa sawa, programu yangu ndiyo iliyokosea. Na insulini kwa mtu mwenye 3.0 inaweza kumuua.

Mwalimu akaniambia kwa nini jambo hili si la mtihani tu. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Mwenye kisukari anajidunga sindano alfajiri, anakunywa chai tupu, anapanda mteremko na kikapu mgongoni. Kufikia saa nne mikono inatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamchanganyikia. Wenzake wanadhani amelewa. Huyo ndiye atakayeletwa mbele ya mwanafunzi wangu.

Basi nikaenda kusoma, nikagundua kosa langu ni la zamani kuliko mimi. Mfumo wa kimataifa wa vipimo, SI, ulipewa jina hilo mwaka 1960. Moli iliongezwa humo mwaka 1971. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapendekeza tiba nayo itumie SI. Uingereza na nchi nyingi zikahamia milimoli. Hospitali za Marekani zikabaki na miligramu kwa sukari. Na intaneti, kama tunavyojua, imejaa maandishi ya Wamarekani. Ndivyo nambari yao ilivyoingia kwenye simu ya mwanafunzi wa Bomet bila pasipoti.

Insulini yenyewe ilishapitia msukosuko kama huu. Mgonjwa wa kwanza, kijana Leonard Thompson wa miaka 14, alidungwa Toronto mwezi Januari 1922. Baadaye insulini ikauzwa kwa nguvu tofauti, uniti 40 au 80 kwa mililita, kila moja na sindano yake. Kisha ikaja ya uniti 100. Chukua insulini ya 100, ivute kwa sindano ya 40 mpaka alama ya 10: umempa mgonjwa uniti 25! Uingereza ilihamia uniti 100 mwaka 1983. Hawakutegemea muuguzi akumbuke zaidi. Waliondoa nafasi ya kuchanganya. Waandishi wa programu, someni sentensi hiyo tena.

Sasa turudi Kenya. Mwaka 2005 AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi na kampuni ya Accenture, walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti wafikie diploma kwa kutumia kompyuta. Mashine ziliwekwa vyuoni na hospitalini ili muuguzi asome bila kuacha kazi. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na mtu wa kijijini akazoea kuamini nambari iliyo kwenye simu. Mwaka 2011 simu ya Huawei IDEOS ikashusha bei ya Android hapa nchini. Amref nayo baadaye ikatoa programu ya simu ya wauguzi iitwayo Jibu.

Mnaona kilichobadilika? Mwaka 2005 Baraza lilikuwa mezani tangu mwanzo. Leo mtu mmoja kama mimi, usiku, chumbani, anaweza kuweka maswali 40 mifukoni mwa wanafunzi, na hakuna aliyemuuliza lolote. Kizuizi kilichoondoka kilikuwa pia mlinzi.

Nilirekebisha hivi. Kwenye hifadhidata, hakuna nambari inayokubaliwa bila kipimo chake. Kioo kinaonyesha mmol/L peke yake. Kila swali lina jina la mwalimu aliyelipitisha na tarehe, kwa sababu mwongozo wa kisukari wa Kenya wa mwaka 2010 ulifuatwa na toleo jipya mwaka 2018, na swali la zamani halijui kwamba limezeeka. Yote yanafanya kazi bila mtandao, maana mabondeni huku mtandao ni bahati.

Swali la 12 bado lipo. Sasa linasoma 3.0 mmol/L, na mgonjwa wake ni mchumaji wa chai, saa nne asubuhi.

Wewe unayeandika programu, fungua kazi yako leo utafute nambari iliyo uchi. Kisha umuulize swali la yule mwalimu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.